Milioni ya Kibera na Milioni ya Mbinguni

Kwa miaka mingi mgeni aliyefika Nairobi akapelekwa kuutazama mtaa wa Kibera aliambiwa, hata kabla hajashuka garini, kwamba mbele ya macho yake wanaishi watu milioni moja, na wenyeji waliotaka kumstaajabisha zaidi walimwongezea laki mbili tatu juu yake. Naye hakuona sababu ya kushuku, kwa maana mabati yenye kutu yaliyobanana tangu njia ya reli hadi bonde la Bwawa la Nairobi yalimthibitishia kwa jicho habari aliyokwisha kuipokea kwa sikio. Adadi hiyo iliandikwa magazetini, ikatiwa katika ripoti za mashirika ya misaada, ikatajwa majukwaani, na kila mwandishi alimrithisha mwenziwe, pasipo hata mmoja kuuliza ni nani aliyewahesabu watu hao, usiku gani, na kwa daftari lipi.

Makusudi ya sura hii ni kuzungumza juu ya majirani walio mbali kuliko hao, yaani viumbe wenye akili wanaodhaniwa kuwa wanakaa katika sayari za nyota nyingine za galaksi yetu. Lakini sikuona mlango bora wa kuiingilia mas'ala hiyo kuliko Kibera, kwa sababu hesabu wanayoitumia wanafalaki kukadiria idadi ya viumbe hao, na hesabu iliyoizaa ile milioni ya Nairobi, ni hesabu za ukoo mmoja, zenye hila moja na udhaifu mmoja, ila kwamba ya chini imekwisha kupimwa na ya juu haijapimwa bado.

Na tuitazame kwanza ya chini. Kibera ina eneo la takriban kilomita mraba 2.5, yaani mita mraba 2,500,000, na chumba cha kawaida, kile chenye futi kumi kwa kumi, huchukua mita mraba tisa hivi. Tukisema kwamba nusu ya ardhi yote ni vyumba vya kulala, tutapata vyumba 139,000; tukisema tena kwamba kila chumba hulala watu saba, jawabu ni watu 973,000, na milioni yetu imepatikana bila jasho. Lakini ni nani aliyetwambia kwamba ni nusu? Ndani ya ardhi hiyo mna reli, mna vijito na mitaro, mna vichochoro, maduka, makanisa, misikiti, shule, vyoo, vioski vya maji na karakana za maseremala. Tukiishusha ile nusu ikawa robo, na wale saba tukawafanya watatu, jawabu linaporomoka hadi 208,000, wala hatukufanya lolote la kulaumiwa, kama vile hatukufanya lolote la kulaumiwa tulipolipata lile la kwanza. Hapo ndipo penye hatari ya hesabu za kuzidisha: aliyekosea mara mbili katika kila kizidishio, na vizidishio vikawa vitatu, amekosea mara nane, vikiwa saba, amekosea mara 128, na nafsi yake imetulia, kwa kuwa hakuna hatua hata moja ambayo alihisi kuwa amepita kiasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2009 makarani wa sensa walizunguka Kenya nzima wakiandika waliolala katika kila nyumba, na mwaka mmoja baadaye, Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alipoyatangaza matokeo, Kibera ilionekana kuwa na watu 170,070. Watu walishtuka, wengine walikasirika, na si bure, maana siku hiyo hiyo matokeo ya wilaya nane za kaskazini yalifutwa kwa hoja kwamba yalizidi mno kuliko inavyoyumkinika, na serikali inayokiri kuhesabu vibaya Mandera haiwezi kudai kuaminiwa bila maswali huko Laini Saba, ndani ya Kibera. Lakini sensa haikuwa shahidi peke yake. Mtafiti Mwitaliano, Stefano Marras, pamoja na vijana wa mtaa huo, walikuwa wamekwisha kupita mlango kwa mlango katika kijiji cha Kianda, na kutokana na walichokikuta humo walikisia kwamba Kibera nzima ina watu baina ya 235,000 na 270,000. Na watafiti wa taasisi ya Kifaransa ya IFRA, waliotumia picha za setilaiti, walifikia takriban laki mbili. Njia tatu mbalimbali, ambazo hazikuombana ushauri, zilihitilafiana, naam, lakini ikhtilafu yao haikufika hata mara mbili, na hakuna iliyokaribia milioni.

Inafaa kuuliza kwa nini milioni ile ilidumu. Haikudumu kwa sababu ya ujinga, kwa kuwa wengi walioitaja walikuwa watu wa elimu. Ilidumu kwa sababu ilimfaa kila mtu. Mwandishi alipata kusema kwamba ameuona mtaa wa mabanda ulio mkubwa kupita yote katika Afrika, shirika lilipata kugawa bajeti yake kwa milioni na kuonekana linafanya mengi kwa fedha kidogo, mwanasiasa alipata jeshi la wapiga kura, na hata mkazi mwenyewe, ambaye maji na choo alivikosa kweli kweli, hakuona hasara ya kuhesabiwa mara tano iwapo huko kungemletea bomba moja. Adadi isiyo na adui haichunguzwi.

Sasa na tupande juu. Mwezi wa Novemba 1961, katika kituo cha darubini ya redio cha Green Bank, West Virginia, Marekani, walikutana watu kumi hivi kuzungumza juu ya jambo ambalo wanachuoni wengi wa wakati huo waliona haya kulitaja. Aliyeandaa ajenda alikuwa Frank Drake, kijana ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameielekeza darubini yenye upana wa mita 26 kwenye nyota mbili zilizo karibu, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akisikiliza kama kuna anayesema, asisikie kitu. Ili mazungumzo yapate mpango, Drake aliandika ubaoni vizidishio saba: idadi ya nyota zinazozaliwa kila mwaka katika galaksi, sehemu ya nyota hizo iliyo na sayari, idadi ya sayari zinazofaa kwa uhai kuizunguka kila nyota ya namna hiyo, sehemu ya sayari hizo ambamo uhai hutokea kweli, sehemu ya zenye uhai ambamo huzuka akili, sehemu ya wenye akili wanaopata ufundi wa kupeleka mawimbi ya redio angani, na mwisho, miaka ambayo jamii ya namna hiyo hudumu ikiyapeleka. Zidisha vyote, nawe umepata idadi ya jamii zinazosikika leo katika galaksi. Wale kumi walizidisha, wakapata jawabu baina ya elfu moja na milioni mia moja, kisha wakaagana kwa furaha.

Msomaji na aitazame vizuri nafasi iliyopo baina ya elfu moja na milioni mia moja, ambayo ni mara laki moja, kisha akumbuke kwamba Kibera ilitutoa jasho kwa tofauti ya mara sita tu.

Katika vizidishio vile saba, vitatu vya mwanzo vimekwisha kupata makarani wao. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya kwanza iliyoonekana ikiizunguka nyota inayofanana na Jua letu, na darubini ya Kepler, iliyofanya kazi angani tangu 2009 hadi 2018, iliongeza nyingine zaidi ya 2,600, hata leo hakuna mwanafalaki anayeshuku kwamba sayari ni jambo la kawaida. Na hesabu moja ya mwaka 2020, iliyotokana na Kepler hiyo, ilikisia kwamba zile zenye miamba, zilizokaa katika umbali wa kufaa maji kutoka nyota za jinsi ya Jua, huenda zikafika milioni 300 katika galaksi yetu. Hayo ni maendeleo makubwa, nami sitaki kuyadunisha. Lakini ni kama kwamba tumejua kwa yakini eneo la mtaa na idadi ya mapaa yake. Walio chini ya mapaa hatujawaona hata mmoja.

Uzito wote, basi, umeangukia vile vinne vya mwisho, na katika hivyo wale wa Green Bank walikuwa wakarimu ajabu. Walikubaliana kwamba uhai hutokea kila panapofaa, na kwamba akili huzuka kila penye uhai. Mmoja wao, John Lilly, alikuwa akichunguza pomboo, na habari zake ziliwapendeza wenzake hata wakajiita kwa mzaha Jamaa ya Pomboo. Hoja ikawa kwamba, ikiwa dunia moja imeweza kuzaa akili mara mbili, baharini na nchi kavu, basi akili si kitu adimu. Nami nawastahi pomboo, na aliyepata kuwatazama wakicheza mbele ya mashua huko Wasini hatawanyima akili. Lakini pomboo hawana moto, wala chuma, wala redio, na darubini ya Green Bank ingewaelekea miaka milioni moja isisikie neno.

Ushahidi wa maana zaidi juu ya kizidishio cha sita, kile cha kupata redio, haupo West Virginia. Upo Olorgesailie, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Nairobi kwa njia ya Magadi, ambako Louis na Mary Leakey, katika miaka ya 1940, waliona mashoka ya mawe yametapakaa juu ya ardhi kwa mamia, na mengi yameachwa hadi leo pale pale yalipolala, mgeni akiyatazama kutoka kwenye daraja la mbao. Ni vyombo vya kazi vilivyochongwa pande zote mbili kwa shabaha na subira, na aliyevichonga alikuwa na akili pasipo shaka. Lakini linalonishangaza mimi ni urefu wa muda: mtindo ule wa shoka ulianza kutumika mahali hapo yapata miaka milioni moja na laki mbili iliyopita, ukaendelea kwa zaidi ya miaka laki saba pasipo kubadilika sana, baba akimfunza mwana, na mwana akimfunza mwanawe, kwa vizazi visivyosemeka. Akili ilikuwapo, mikono ilikuwapo, na haja ilikuwapo, lakini hapakuwa na haraka yoyote ya kuelekea kwenye redio. Na uhai wenyewe una umri wa miaka bilioni tatu na nusu au zaidi katika dunia hii, na katika sehemu kubwa ya muda huo haukuwa na kiumbe kinachozidi chembe moja. Mwanabiolojia Ernst Mayr, katika mabishano yake na Carl Sagan mwaka 1995, aliishika hoja hiyo hiyo: katika wingi usiokadirika wa jinsi za viumbe waliopata kuishi duniani, ni nasaba moja tu iliyofika tulipofika. Sagan alijibu vema, lakini kwa insafu, nadhani Mayr ndiye aliyekuwa na ushahidi mkononi.

Kuna taabu nyingine, ambayo ni vigumu kuionyesha kwa Kibera lakini ni rahisi kwa Kawangware, mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji, ambao haukupata kutungiwa hekaya ya milioni, na labda kwa sababu hiyo mtu anaweza kuutazama kwa utulivu zaidi. Kawangware ianzie wapi, iishie wapi? Ukishuka kwa Barabara ya Gitanga kutoka Lavington, mabustani na kuta ndefu za matajiri hukoma, mabati na maghorofa ya kupanga huanza, lakini upande wa Gatina na Kabiro, na kuelekea Dagoretti, mitaa huingiana bila alama. Ingia katika ploti moja nyuma ya kituo cha matatu cha 46: lango la chuma, ujia mwembamba wa saruji, vyumba vinavyotazamana pande mbili, kamba za nguo juu, bomba lenye kufuli, na choo mwishoni. Keateka, yaani mwangalizi wa ploti, analo daftari, na daftari lina namba za vyumba na majina ya wanaolipa kodi, halina vichwa. Chumba namba nne kinalipiwa na mlinzi wa usiku ambaye hulala mchana, na ndugu yake hulala humo usiku. Namba saba ni ya mama ambaye watoto wake wamo kijijini mpaka shule zifungwe. Namba tisa ina vijana wanaokuja wakienda. Watu wangapi wanakaa katika ploti hiyo? Jawabu linategemea muradi wa swali, na sensa hujitoa katika tatizo kwa kuamua kwamba itamwandika kila aliyelala mahali usiku mmoja maalumu, popote alipo kwao.

Wanafalaki nao wameamua kwa amri ya namna hiyo. Kwao, mwenye akili ni yule mwenye redio. Na kwa kipimo hicho binadamu mwenyewe hakuwa na akili alipojenga Kilwa, wala alipovuka Bahari ya Hindi kwa majahazi akiongozwa na nyota hizo hizo. Amri hiyo si ya dhuluma, kwa kuwa hawana njia ya kumwandika asiyesikika. Bali msomaji ajue kwamba anapoambiwa idadi ya jamii zenye akili, ameambiwa idadi ya waliokutwa macho na karani aliyepita mara moja.

Sasa kizidishio cha mwisho, yaani umri wa jamii yenyewe, ndicho kilichowatia wahaka wale wa Green Bank, walioishi katika mwaka ambao makombora ya nyukilia yalikuwa yakielekezana. Vizidishio vingine walivyovipanga vilikaribia kuondoana, hata jawabu likawa sawa na kile cha mwisho: jamii zikidumu miaka elfu kumi, zipo elfu kumi, na Drake mwenyewe aliipenda adadi hiyo. Lakini umri wa jamii hupimwaje? Tunayo Gedi, karibu na Watamu, mji wa mawe wenye misikiti, visima na nyumba kubwa, uliositawi kwa karne kadhaa kisha ukahamwa katika karne ya 17, miti ikaota ndani ya kuta. Anayehesabu miji ataandika kwamba Gedi ilidumu miaka mia tano hivi. Anayehesabu watu wa Pwani, lugha yao na dini yao na ufundi wao, ataona kwamba hakuna kilichokufa, maana waliohama Gedi hawakuhama duniani, na Malindi na Mombasa zipo. Kufa kwa mji si kufa kwa ustaarabu, na hakuna aliyetwambia ni kipi kati ya viwili hivyo kitiwe katika mlinganyo wa Drake.

Lililo gumu kuliko yote ni kwamba sisi wenyewe tumo katika hesabu. Marras alipoihesabu Kianda na kuitumia kukisia vijiji vingine vya Kibera, alikuwa ametoka nje, akaichagua Kianda akiwa anaviona vyote, na angeweza kwenda Soweto au Mashimoni kesho yake. Lau angezaliwa Kianda, asipate kutoka, asione dari ya jirani, na lau pangekuwa na kanuni kwamba mtu hawezi kuzaliwa ila katika kijiji chenye watu, angejua nini juu ya vijiji vingine kwa kuwa chake kina watu? Hangejua kitu. Iwapo uhai wenye akili hutokea katika kila sayari, tungejikuta hapa. Iwapo hutokea katika sayari moja tu kati ya galaksi elfu, tungejikuta hapa vile vile. Mwanafizikia Brandon Carter aliieleza hoja hii tangu 1983, na bado wapo waandishi wanaotaja kuwapo kwetu kama burhani ya kuwapo kwa wengine.

Kutokana na hayo yote, kazi ninayoithamini zaidi katika uwanja huu ni ile ya mwaka 2018 ya Anders Sandberg, Eric Drexler na Toby Ord, wa Oxford, ambao walikataa kukitia kila kizidishio adadi moja. Walikitia nafasi nzima ya adadi zinazoyumkinika, toka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, wakaacha shaka izidishwe na shaka. Na walipomaliza walikuta kwamba uwezekano wa sisi kuwa peke yetu katika galaksi unafika baina ya asilimia 53 na asilimia 99.6. Hawakusema kwamba tuko peke yetu. Walisema kwamba elimu tuliyo nayo haitoshi kumshangaa asiyesikia sauti. Mwanafizikia Enrico Fermi, aliyeuliza mwaka 1950 mezani huko Los Alamos, wakila chakula cha mchana, wako wapi hao wote, alikuwa ameuliza swali la mtu aliyekwisha kuiamini milioni.

Usikilizaji unaendelea, nao una Waafrika ndani yake. Madishi 64 ya MeerKAT, katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, yametumiwa kutafuta sauti hizo tangu mwishoni mwa 2022, na Kenya ni mojawapo ya nchi washirika wa mradi mkubwa zaidi wa darubini za redio utakaoimeza MeerKAT hiyo. Lakini sitegemei sana sauti. Linaloweza kuipindua hesabu yote kwa siku moja ni kukutwa kwa uhai wowote, hata wa chembe moja isiyo na akili ya kutosha kuzunguka jiwe, ulioanza wenyewe mahali pengine katika jamii ya Jua letu. Kwa kuwa nyumba ya pili yenye watu, katika kichochoro kile kile, hukipandisha kizidishio cha nne kutoka kutojulikana hadi karibu na moja. Na hapo wapo watakaohuzunika. Mwanafalsafa Nick Bostrom aliandika mwaka 2008 kwamba anatumaini Mirihi ikutwe tupu, kwa hoja kwamba, uhai ukiwa jambo jepesi, kimya cha galaksi kitabidi kielezwe kwa vizidishio vya mwisho, na kimojawapo ni umri wetu.

Hata hivyo Mirihi si shahidi huru. Mawe yaliyong'olewa huko kwa vishindo vya vimondo hutufikia: yalianguka Nakhla, Misri, mwaka 1911, na jingine likaanguka Zagami, Nigeria, mwaka 1962. Ikiwa mawe husafiri, huenda na vijidudu husafiri, na uhai wa Mirihi ukikutwa unafanana na wetu, watu wataulizana miaka mingi kama ni jirani au ni ndugu aliyehamia chumba cha pili, ambaye hatumwandiki mara mbili. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanafalaki huipendelea Europa, mwezi wa Mshtarii, wenye bahari chini ya barafu nene na mbali mno kupokea mawe yetu kwa urahisi. Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 kuelekea huko, nacho kinatazamiwa kufika mwaka 2030. Hakikupewa vyombo vya kuutambua uhai wenyewe, ila vya kupima kama bahari ile inaweza kuuhifadhi.